Pedi iliyolika upande mmoja: kisa cha breki za mbele zilizobadilishwa nyumbani, Pemba

Usuli

Gari yenyewe ni ndogo ya Kijapani, otomatiki, iliyoingia visiwani ikiwa imeshatumika kama zilivyo nyingi zenye namba ya Z, ya usajili wa Zanzibar. Mbele ina breki za diski, nyuma za ngoma. Mwenyewe anafanya kazi skuli moja kaskazini ya Pemba, na karibu kila siku ya kazi anapita vilima vya baina ya kwao na Chake Chake. Jina lake, kijiji chake na gereji aliyokuwa akiitumia havitotajwa. Hapa ataitwa mwenye gari, na mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye aliyeshika spana, ataitwa kijana. Mimi ni fundi niliyeletewa gari mwishoni. Mengi ya hapa chini nimeyapata kwa kuwauliza wote wawili, na kwa kuzitazama pedi za zamani ambazo kwa bahati hazikutupwa.

Vilima vina maana katika kisa hiki. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, na dereva wa huko anaweza kukaa na pedi moja muda mrefu akaamini gari yake ni nzima. Pemba barabara inateremka bondeni, inavuka maji, inapanda tena, na gari otomatiki ikiachwa kwenye D mteremko mzima basi sehemu kubwa ya kazi ya kuizuia inabebwa na breki za mbele. Ongeza hewa ya bahari. Chuma chochote kisichopakwa kitu hapa hushika kutu, na breki ina vyuma vingi vya namna hiyo.

Miezi michache kabla, gereji moja ilimbadilishia mwenye gari pedi za mbele. Kazi haikuchukua muda. Kalipa, vile vyuma vinavyoikumbatia diski na kuibana kwa pedi, zikainuliwa, pedi za zamani zikatoka, pistoni zinazosukuma pedi zikarudishwa ndani kwa bisibisi, mpya zikaingia. Diski hazikupimwa. Pini ambazo kalipa hutelezea hazikuchomolewa. Breki zilishika, bei ilikuwa nafuu, na hakuna aliyelalamika.

Mlio, kisha kukwaruza

Mlio ulianza upande wa kushoto, mwembamba, wa chuma. Pedi nyingi zina kijibati kilichowekwa kwa makusudi: pedi ikibakia milimita mbili tatu, kijibati hugusa diski na kupiga kelele ili dereva ajue. Mwenye gari aliuliza, akajibiwa kwamba pedi mpya hulia mpaka zizoee. Jibu hilo si uongo wakati wote, ndiyo maana lilimtuliza. Hakuna aliyefikiria kuwa pedi ya miezi michache inaweza kuwa imeshakwisha.

Mlio ukawa mkwaruzo. Halafu gari ikaanza kuvuta kulia kila akikanyaga breki mteremkoni. Dalili hii ya pili ndiyo iliyokuwa na habari zaidi. Gari ikivuta kulia wakati wa breki, gurudumu la kulia linashika vizuri kuliko la kushoto. Yaani kushoto, kulikokuwa kukipiga kelele, ndiko kulikokuwa kudhaifu. Mkwaruzo na udhaifu pahala pamoja ni jambo la kufanya mtu asimame afikiri kabla ya kwenda dukani.

Kununua, kukereza, au kuacha

Kijana alifungua tairi zote mbili za mbele kwanza, kabla ya kuagiza chochote. Diski ya kushoto ilikuwa na mifereji inayoshika ukucha upande wa ndani. Ya kulia ilikuwa na mikwaruzo midogo tu.

Kuna gereji ambazo zingeitoa diski hiyo zikaipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza ili uso usawazishwe. Kijana akaazima vernia, kipimo cha unene chenye meno mawili, apime. Hapa alifanya jambo ambalo mafundi wazoefu wengi hulisahau. Diski iliyolika hubakia na ukingo wa kutu pembeni, pale pedi isipofika, na meno ya vernia yakipita juu ya ukingo huo yanapima kutu badala ya diski. Alichukua sarafu mbili, akaziweka kila upande ndani ya ukingo, akapima zote pamoja, kisha akatoa unene wa sarafu. Ukingoni pamepigwa chapa ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, milimita 20. Yake ilikuwa chini ya hapo, na kukereza kungeipunguza zaidi. Diski nyembamba hupata moto haraka na huweza kupasuka, kwa hiyo shauri la kukereza likafa hapo hapo.

Mwenye gari alitaka kununua diski moja, ya kushoto, maana ya kulia bado ilikuwa juu ya kiwango.

"Ami," kijana akamwambia, "ukitaka moja tu, basi na viatu nikununulie mguu mmoja."

Alikuwa sahihi. Diski na pedi za mbele hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, vyenginevyo upande mmoja utashika tofauti na mwengine, na gari inayovuta kwenye lami iliyorowa haina mzaha.

Spea ziliagizwa Unguja zikaja kwa boti hadi bandari ya Mkoani: diski mbili mpya na pedi nne. Kijana alimpelekea muuzaji picha ya kibati cha chesisi pamoja na kipenyo cha diski alichokipima mwenyewe, kwa sababu gari za jina moja huweza kuwa na diski za ukubwa tofauti kulingana na injini na mwaka. Muuzaji alitaja pia diski za mtumba kwa bei ya chini. Walizikataa, na sina la kuongeza hapo.

Lakini orodha hiyo ya spea ilikuwa na pengo. Tairi zilikuwa zimefunguliwa, pedi zinaonekana, na hakuna aliyeishika kalipa ya kushoto kwa mikono miwili akaisukuma nje na ndani kuona kama inateleza. Ni jambo la nusu dakika.

Siku ya kazi

Ua wa nyumba ulikuwa umelainika kwa mvua na jeki ingezama. Wakaomba sakafu ya jirani ya kuanikia karafuu, kwa kuwa si msimu. Mzee mwenye sakafu alikubali kwa sharti moja, kwamba lisidondoke hata tone la mafuta. Hakutaka karafuu zake zije zinuke mbele ya wanunuzi. Wakatandika maboksi na jamvi bovu. Sharti lile liliwafaa kuliko walivyodhani, kwa sababu liliwafanya wafanye kazi safi, na breki zinataka usafi kuliko nguvu.

Nati za tairi zililegezwa gari ikiwa chini. Breki ya mkono ikavutwa, gia ikawekwa P, mawe yakawekwa mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Stendi za kuegeshea gari hawakuwa nazo. Matofali ya saruji yalikuwapo tele, na kijana akayakataa: tofali la saruji hupasuka kwa ghafla bila ya kutoa ishara. Alitumia vigogo vifupi vya mwembe vilivyokatwa vikakaa sawa, na kila tairi iliyotoka ikalazwa chini ya bodi kama akiba. Stendi za chuma ndizo zinazotakiwa na mimi huwaambia watu wazinunue kabla ya pedi. Ila kwa walichokuwa nacho, walichagua vyema.

Walianza na upande wa kulia, uliokuwa mzima, na kushoto wakakuacha kumefungwa ili wapate pa kutazamia iwapo watasahau kitu kimekaaje. Bolti za kalipa zilikuwa za spana 14, za breketi, chuma kinachoishikilia kalipa, zilikuwa za 17. Kalipa ikafungwa kwa waya kwenye springi isije ikaning'inia kwa mpira wa mafuta ya breki. Mpira huo ukivutwa huumia ndani, nje usione kitu.

Diski haikutoka. Kutu ilikuwa imeigandisha kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kijana alishaipiga nyundo mara kadhaa ndipo alipoyaona yale matundu mawili yenye meno usoni mwa diski. Yamewekwa kwa kazi hiyo. Unaingiza bolti mbili za spana 12 na kuzikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na diski inajisukuma yenyewe. Nyundo nyingi huumiza bereingi. Baada ya hapo alikaa muda mrefu akiisugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa. Mwenye gari aliona ni kupoteza muda. Sivyo. Diski inatakiwa ikae sawa kabisa. Viwanda vingi huruhusu iyumbe kwa sehemu ndogo mno ya milimita, kiasi cha 0.05 kwa gari ndogo za Toyota, na gamba moja la kutu likibaki nyuma yake linatosha kuvuka hapo. Mtu haoni kitu siku ya kwanza. Baada ya kilomita elfu kadhaa ndipo usukani unapoanza kutetemeka kila akikanyaga breki, na diski mpya inasingiziwa ubovu.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Dawa ya kusafishia breki hawakuwa nayo, wakaziosha kwa maji ya moto na sabuni, wakazikausha na kuzifunga mara moja. Inafaa kabisa. Kilichokatazwa ni kuziacha na mafuta yale, maana pedi huyanyonya.

Kabla ya kurudisha pistoni, kijana alivuta mafuta ya breki kidogo kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano. Mwenye gari alikuwa akiyaongeza kila yaliposhuka, bila ya kujua kwamba yanashuka kwa sababu pedi zinalika na pistoni zinatoka nje. Pistoni zikirudi, mafuta yote yanapanda, na yakimwagika kwenye bodi hula rangi. Yakimwagika kwenye sakafu ya mzee, hilo jengine.

Kushoto ndiko kulikokuwa na kisa chenyewe. Pedi ya nje ilikuwa na zaidi ya nusu ya unene wake. Ya ndani imekwisha mpaka bati.

"Ami, hii imelika upande mmoja."

"Zote zinatoka hizo, wahangaika na nini?"

Kijana hakuridhika. Alirudisha pistoni kwa klempu, ikaingia laini, kwa hiyo si pistoni. Akashika pini: ya juu ilikwenda, ya chini haikutikisika. Ilitoka baada ya kumwagiwa mafuta ya kulainisha kutu na kuzungushwa kwa spana, ikiwa nyekundu kwa kutu, na kifuniko chake cha mpira kimechanika. Ncha ya pini hiyo ilikuwa na kipete cha mpira, kama ilivyo pini moja ya kalipa nyingi za namna hii.

Hapo palihitajika uamuzi. Grisi ya silikoni ya breki haikupatikana maduka ya karibu. Alasiri ilikuwa inakaribia, gari iko juu ya vigogo, sakafu ni ya kuazima, na Jumatatu mwenye gari ana kazi. Kijana aliisugua pini kwa msasa laini, akapaka grisi ya bereingi kutoka kwenye kopo lililokuwapo, akarudisha kila kitu. Kalipa ikateleza vizuri mkononi. Ili mambo yawe sawa, akapaka grisi ile ile na pini za kulia.

Tairi zikarudi, nati zikakazwa kwa kuvukavuka. Gari nyingi ndogo za Toyota zinataka nyutonimita 103 kwenye nati za tairi. Wao walikaza kwa spana ya kawaida na kurudia siku ya pili.

Kisha kijana akaingia garini, akawasha, akatoa breki ya mkono na kuweka gia. Alipokanyaga breki mguu ulikwenda mpaka chini. Pistoni zilikuwa zimerudishwa ndani na hakuna aliyepampu. Gari ilisogea kidogo tu kwa sababu mawe ya tairi za nyuma yalikuwa bado hayajaondolewa, na ukingo wa sakafu ulikuwa mbele yake. Wakapampu mpaka pedali ikawa ngumu. Wote wawili walinisimulia tukio hili kwa haraka haraka, kama jambo dogo.

Walizizoesha pedi mpya kwenye barabara tambarare yenye watu wachache: kutoka kilomita kama 50 kwa saa hadi 15, bila ya kusimama kabisa, mara kumi hivi, kwa kupumzisha baina yake. Hilo huipaka diski ngozi nyembamba ya pedi na ndiyo inayoshika.

Matokeo

Wiki mbili breki zilikuwa nzuri. Gari haikuvuta wala haikulia. Halafu siku moja, akitoka Chake, alisikia harufu ya kuungua aliposimama kununua samaki, na rimu ya kushoto ilikuwa haishikiki. Ya kulia ilikuwa vuguvugu.

Nilipoiinua, gurudumu la kushoto lilizunguka kwa taabu. Nikafungua nati ya kutolea upepo kwenye mafuta ya breki. Kama mpira wa mafuta ungekuwa umeziba ndani, shinikizo lingetoka na gurudumu lingelegea. Halikulegea, basi tatizo ni la chuma. Pini ya chini ilitoka kwa koleo. Kipete cha mpira kilikuwa kimevimba kikajaza tundu lote.

Diski ilikuwa haijageuka rangi, ikabaki. Pedi zilikuwa zimeanza kulika kwa mshazari, zikabaki pia kwa kuwa bado mpya. Seti ya pini, vipete na vifuniko ikaagizwa, matundu ya breketi yakasafishwa mpaka ndani, ikatiwa grisi ya silikoni. Mafuta ya breki yalikuwa meusi, nikayabadilisha yote.

Uchambuzi

Kosa la grisi ni rahisi kulilaumu, na ni kosa kweli. Grisi ya bereingi imetokana na mafuta ya petroli, na mpira unaotumika kwenye breki hauyastahamili: huyanyonya, huvimba, hulainika. Siku ya kwanza pini inateleza kuliko kawaida, ndiyo maana jaribio la mkono halikuonesha kitu. Kwa sababu hiyo hiyo tone la oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki huharibu mipira yote ya mfumo. Mbele ya uamuzi ule wa alasiri palikuwa na njia nyengine mbili. Moja ni kuiacha gari pale siku mbili tatu. Ya pili ni kufunga pini kavu, safi, kwa safari fupi hadi grisi ipatikane. Ya pili si nzuri, lakini kavu isingevimbisha mpira.

Mimi naliona tatizo lilipoanza mapema zaidi, siku ile orodha ya spea ilipoandikwa. Pedi za kalipa ya namna hii zinatakiwa zilike karibu sawa, ya ndani na ya nje. Pistoni husukuma ya ndani, na kalipa hujivuta juu ya pini zake ili ilete ya nje. Pini ikigoma, ya ndani inafanya kazi peke yake, inalika upesi, na gurudumu lote linashika kwa unyonge. Ndipo gari ilipovuta kulia. Dalili zote tatu, mlio wa mapema, kuvuta, na pedi iliyolika upande mmoja, zilikuwa zinataja pini. Gereji iliona ya tatu miezi kadhaa nyuma, kama ilitazama, na ikafunga pedi mpya juu ya pini ile ile. Mwenye gari alilipia pedi mara mbili na diski mara moja kwa pini ya bei ndogo kuliko vyote hivyo.

Kijana aliuliza swali sahihi na akapata jibu sahihi, ila alilipata alasiri, wakati spea zimeshafika na duka halina kitu. Lingeulizwa siku ya kupima diski, pini na grisi zingekuja na boti moja.

Kuhusu mafuta, mwenye gari alinibishia: kama hayavuji, ya nini kuyabadilisha? Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu inao wa kutosha. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake kinashuka hadi 140. Kalipa iliyogoma inayokokota mteremko mzima inaweza kuyafikisha hapo. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na mguu unazama bila ya gari kupunguza mwendo. Nikamwonesha pia ile 2 na L kwenye gia, gia za chini zinazoifanya injini isaidie kuizuia gari mteremkoni, ambazo hajawahi kuzitumia tangu anunue gari.

Kuna mafundi watakaosema kisa hiki kinaonesha kuwa breki si kazi ya nyumbani. Sikubaliani nao. Kipimo cha sarafu, kusafisha habu, kuagiza kwa chesisi na kuanzia upande mzima ni kazi bora kuliko ile waliyolipia gereji. Kilichonitia hofu ni pedali. Vigogo, mpira wa mafuta, grisi, vyote hivyo vina muda wa kujirekebisha. Pistoni zisizopampiwa hazina. Kwangu sasa ufunguo wa gari iliyofunguliwa breki haurudi garini mpaka mtu amekanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, na imekuwa ngumu.

Lilibaki gurudumu la kulia. Halikuwa na lalamiko lolote, na mwenye gari alisema lisiguswe, pesa zimekwisha. Nikamkumbusha kwamba grisi ni ile ile na siku ni ile ile. Tulipolifungua, kipete cha kulia kilikuwa kimeshaanza kujaa, pini inatoka lakini inarudi kwa kusukumwa. Seti ya pili ikaagizwa.